Saa Saba za Riga

Ndege ya Bergen ilitua saa nne asubuhi.
Ya Tbilisi itaruka saa kumi na moja jioni.
Katikati nina saa saba,
yuro mia na arobaini ndani ya soksi,
na orodha nyuma ya risiti ya duka la dawa:

Zaza: kofia, isiwe nyekundu.
Mtoto wa Zaza: chochote chenye mnyama.
Majirani: sumaku za friji, sita, za bei ya kutupa.
Mama:

Hapo kalamu ilisimama.
Mkono mtupu haulambwi,
na wangu haujaonekana nyumbani miaka sita.

Soko liko ndani ya mabanda yaliyojengewa maputo ya vita.
Leo yamejaa samaki wa moshi, kabichi chachu,
mkate mweusi mzito kuliko tofali.
Nilipita nikimeza mate.

Kaharabu niliitazama kwa jicho la pembeni.
Mbu mmoja, amenaswa katika tone la njano
tangu bei hazijavumbuliwa.
"Themanini," akasema kijana.
Nikamwachia mbu wake.

Sumaku nilipata: paka juu ya paa, sita kwa kumi.
Kofia nilipata. Ni nyekundu kidogo. Zaza atavumilia.

Meza ya mwisho, karibu na mlango unaopitisha baridi,
Skaidrite alikuwa anafuma bila kuangalia vidole vyake.
Nikamjaribu kwa Kinorwe changu cha kuogeshea wazee.
Akanijaribu kwa Kijerumani.
Tukanyamaza.
Kisha, kama watu wanaofungua kabati la marehemu,
tukatoa Kirusi,
lugha tuliyochapiwa shuleni, yeye huku, mimi kule.
Hatukuipenda.
Kwa kuhesabia pesa, ilitosha.

Niligusa sweta la kijivu, nyota nyeupe kifuani,
sufu ya kuwasha, ya kondoo kweli.
"La nani?"
"La mama."
"Saizi?"

Nikafungua mdomo.
Kwenye simu Mama ni paji la uso na dari.
Mara nyingine ni kidole gumba, kimeziba kila kitu.
Siku moja alikuwa sikio, dakika arobaini nzima.
Mabega sijayaona.

"Nikumbatie," akasema, ameshaizunguka meza,
"kama ulivyomkumbatia siku ile unaondoka."

Nikamkumbatia. Alinukia vitunguu na sabuni ya mche.
Hapana, Mama ni mnene zaidi. Nikapanua mikono.
Zaidi. Nikapanua tena,
nikabaki nimekumbatia hewa tele katikati yetu,
muuza samaki ametukodolea macho, kisu hewani.

"Miaka mingapi?"
"Sita."
"Na yeye anayo mingapi?"
"Themanini na mmoja."

Akaishika mikono yangu, akairudisha ndani
taratibu, unavyofunga dirisha la mtu aliyelala,
hadi nikamgusa yeye mwenyewe.
"Basi ni mimi," akasema. "Chukua dogo."

Alinipunguzia yuro tano,
kisha akasema hana chenji.

Uwanjani mzani ulilikataa begi langu: kilo mbili zaidi.
Msichana wa kaunta alitaja faini kubwa kuliko sweta,
akitabasamu.
Basi nikavaa.
Kofia ya Zaza.
Soksi za mtoto, zenye mbweha, mikononi badala ya glavu.
Sumaku mfukoni, zikang'ang'aniana.
Na sweta la Mama, juu ya blauzi yangu,
likagoma mabegani, likanikata kwapani,
likaishia juu ya kitovu.

Kumbe hapa ndipo mikono yako inapoishia siku hizi.

Nilikaa dirishani natokwa jasho,
viwiko vimebanwa mbavuni,
sikuweza hata kuufikia mkanda wa kiti.
Bwana wa pembeni akaweka gazeti chini,
akanifungia,
akarudi kusoma.