Pipa la Ukutani

Jumamosi kuingia ni bure, anasema Dinis mlangoni,
ila mkebe upo, na mkebe unakutazama.
Natumbukiza yuro mbili.

Watawa waliishi humu miaka mia tatu na kitu,
wakila kimya, wakiamka saa nane za usiku
kumsifu Mungu ambaye, bila shaka, alikuwa macho.
Leo katika ukumbi wao wa chakula
wastaafu wa kiwanda cha vizibo wanajifunza tango.
Bwana Hermínio anahesabu kwa sauti, moja, mbili,
anamkanyaga mjane wa rafiki yake,
anaomba radhi, anaanza tena moja.

Vijumba vya juu vimekodishwa:
fundi wa magitaa, binti anayechapa mabango,
na kimoja kimefungwa, mlangoni karatasi, NIMETOKA KIDOGO,
nayo karatasi imepauka kwa jua la misimu kadhaa.
Kanisani, palipokuwa na altare,
ngoma za bendi zimefunikwa shuka jeupe
kama maiti ya mtu wa heshima.

Sikujia hayo.
Nimejia pipa.

Liko ukutani, upande wa barabara,
la mbao za mwaloni, limekatwa ubavu mmoja,
linazunguka juu ya chuma chake.
Mtu alikuja usiku, akalaza mtoto upande wa nje,
akavuta kengele, akasukuma,
akakimbia kabla duara halijafika nusu.
Ndani mkono ulipokea. Mkono haukuuliza.
Ukuta ulijaliwa sikio, ukanyimwa jicho,
na ndivyo walivyoutaka.

Humo alipita mama wa bibi yangu,
mguuni amefungwa nusu ya utepe wa kijani.
Nusu ya pili ilibaki nje, iwe ahadi:
siku nitakapokuja, tutazilinganisha.
Wakamwita Felismina wa Januari,
kwa kuwa ilikuwa Januari.
Akakua, akafua nguo za watu, akazaa, akazeeka,
na kila kengele ya mlangoni ikilia
alijifuta mikono kwanza.

Wengine hurithi mashamba ya mizeituni.
Sisi tumerithi sentimita kumi na moja za utepe,
ndani ya kopo la sindano,
na desturi ya kujifuta mikono.

Husemwa kitanda hakizai haramu.
Na ukuta je? Ukuta huzaa nini?

Sasa pipa ni la watoto wa darasa la udongo.
Wanapanga mstari barabarani, kila mmoja na kazi yake,
wanaweka, wanavuta kengele, wanasukuma,
wanakimbia, Mungu wangu, vilevile wanakimbia,
kisha wanazunguka kona wakicheka
na kuingia kwa mlango mkubwa.
Ndani mwalimu Zulmira anapokea kwa mikono ya vumbi,
anainua juu kitu chenye miguu mitano,
labda punda, labda kiti:
"Hiki cha nani?"

"Changu!"

Kasichana kenye kamasi, kamenyoosha mkono hadi kisigino kimeacha sakafu.
"Changu! Hicho kibaya ni changu!"

Nikatoka nje. Nilihitaji hewa, au niseme tu nilihitaji kutoka.
Mstari umekwisha, barabara tupu,
mbwa amelala kwenye kivuli cha gari la maziwa.
Nikashika ukingo wa pipa. Mbao zimelainika
pale ambapo viganja vingi vimepita.
Nikavuta kengele. Nikasukuma.
Likageuka kwa mlio mdogo, kama mtu anayetaka kusema
akaghairi.

Sikukimbia.

"Weka basi," ikasema sauti ya Zulmira kutoka gizani.
"Sina kitu," nikajibu.
"Basi sogea, mwanangu, huenda kuna mwenzio nyuma."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu.
Utepe ulikuwa ngumini, umelowa jasho.
Nikasogea.