Chaguo la Tatu

Ruwi, saa tatu usiku, juu ya duka la matairi;
kiyoyozi kinadondosha maji ndooni.
Sohar wanamtaka Khalfan, mrefu wetu.
Watatoa walinzi wawili,
na zamu yao ya kuchagua, mbele ya yetu ya tatu.
"Mmoja kwa wawili na ushei," asema mweka hazina,
"hesabu imekubali."

Hesabu, sawa.
Lakini taa ya ukumbini ikizima
nani ataigonga kwa kidole, iwake?

Kocha Mundhir ameandika jina. Amelikata.
Ameliandika tena, dogo zaidi.

Hodi!
Bi Zuwena, mamake Khalfan, anahema kwa ngazi,
sambusa chini ya kawa.
"Kuleni, wanangu. Mbona kimya?"

Simu ya Sohar inaita.
Mweka hazina anatafuna, hamezi.