Maana ya Maneno, Ukurasa wa Tatu

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Ofisi yetu inalipwa kuyazoa.
Mimi ndiye ninayeandika maana ya maneno
mwanzoni mwa sheria ya ujenzi,
wilaya ya Saint-Aubin, Louisiana,
ambako ardhi imelala chali
na maji hayana haraka ya kwenda popote.

Uso usiopenyeka: lami, paa, saruji,
chochote ambacho mvua hukibishia hodi
kisifungue.
(Hiyo hodi waliifuta. Wakili alisema haipimiki.)

Jumanne usiku, ukumbi wa zimamoto,
viti vya kukunja, kahawa nyeusi kama mtaro,
mhandisi Hollis Pruitt alitandaza ramani:
nyumba mia mbili na kumi na nne
pale shamba la mpunga la kina Guidroz
lilipokuwa likinywa bila kuulizwa.
Akaeleza bwawa la kuchelewesha.
"Halihifadhi," alisema. "Linashika, halafu linaachilia
kwa kipimo kilekile cha kabla ya ujenzi."
Kama mdeni mwerevu, nikawaza:
hakatai, halipi leo.

Eulalie Guidroz akasimama, miaka themanini na moja,
buti za mpira chini ya gauni la kanisani.
Akauliza mvua ya miaka mia ni nini.
Hollis akajibu vizuri, kwa upole hata:
nafasi moja katika mia, kila mwaka, bibi,
si kwamba inahesabu ikingoja zamu yake.

"Nimeolewa mara moja," akasema,
"nayo imenitembelea mara tatu.
Ya mwisho ililala kitandani, upande wa Alcide."

Hakuna aliyecheka. Birika la kahawa lilikohoa.

Akafungua kijitabu changu, ukurasa wa tatu,
kidole kikashuka taratibu:
kalvati, mfereji wa nyasi, haki ya njia,
mkondo wa chini.
Hapo kikasimama.
Mkondo wa chini: sehemu yoyote
inayopokea mtiririko utokao eneo la mradi.
"Sehemu," akasema. "Kumbe mimi ni sehemu."
Akanitazama mimi, si Hollis.
Sijui alijuaje.

Kura zikapita, tano kwa mbili.

Aprili ya pili baada ya hapo, saa nne usiku,
mvua ikaanza kama mtu anayemwaga mchele juu ya bati,
kisha kama gunia lililopasuka.
Sikutumwa. Niliwasha gari.
Bwawa lilikuwepo, lenye uzio, kibao na bata,
na mwisho wake bamba la chuma
lenye tundu la upana wa kisahani cha chai.
Hesabu zote za Hollis
zilitakiwa kupita hapo.
Tundu limezibwa: boksi la kuku wa kukaanga,
nyasi za mashine ya kukatia,
ndala ya mtoto, ya rangi ya waridi.
Maji yalikuwa yamekwisha kuchoka kungoja,
yanapanda ukingo, yanageukia kwa Eulalie.

Nilikuwa nimeandika mwenyewe: bwawa litatunzwa.
Litatunzwa. Na nani?
Na chama cha wakazi,
ambacho hakijachagua hata mwenyekiti.
Kitenzi kile hakikuwa na mikono.

Nikaingia. Baridi ikanifika kifuani.
Nikapitisha mkono hadi begani, nikashika ndala,
nikavuta, ikakataa, nikavuta,
na bamba likameza kwa sauti
ambayo siwezi kuiwekea maana.

Ng'ambo ya ukingo taa ya kurunzi ikawaka,
ikanitafuta usoni.
"Nani huko?"
Meno yakigongana, nikasema mimi ni wa ofisini,
mimi ndiye niliyeandika ukurasa wa tatu.
Kimya. Mvua tu, na tundu likinywa.

"Basi ingia," akasema. "Viatu viache nje.
Ndani bado pakavu."