Vikombe vya Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Miaka thelathini na mmoja, Otahuhu, kusini ya Auckland,
vikombe vya Seluvaia vilitetemeka rafuni
kila alfajiri saa kumi na mbili kasorobo,
visahani vikigongana kama meno ya watoto waliotoka mtoni,
na Maikolo, hata hajafumbua macho, husema:
"Huyo ni Namba Kumi na Saba. Kifua kinambana."

Alizijua treni kwa kikohozi.
Kule karakanani alizifungua matumbo, akazifunga,
akarudi nyumbani na dizeli katika mistari ya viganja,
dizeli isiyosikia sabuni wala ndimu;
hata mkate alioumega ulibaki na alama ya dole gumba.
Seluvaia hakulalamika.
Alianika nguo nyeusi tu upande wa reli:
suruali za kazi, sketi za msiba.
Shuka nyeupe zilikauka ndani, juu ya viti,
madirisha yamefungwa,
kama mtu afichaye wageni.

Kisha zikaja nguzo.
Vijana wenye kofia za njano wakazipanda, wakatandaza nyaya,
na barua ikaja, karatasi nzuri, herufi za heshima,
ikimshukuru Maikolo kwa utumishi wake,
ikimwalika kwenye chai na keki.
Keki aliila.
Barua akaikunja mara nne, akaiweka
chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

(Sisi wa Kiswahili tulisema garimoshi,
tukadhani tumemaliza.
Hatukuacha nafasi ndani ya jina
kwa siku ambayo moshi utajiuzulu
na gari libaki.)

Jumatatu ya kwanza alivaa shati la kanisani,
akaenda kusimama jukwaani na kopo lake la chakula,
kopo tupu, mazoea tu.
Akasikiliza. Hakuna.
Akatazama juu: shakwe wawili na waya.
Aliposhusha macho, treni ilikuwa imekwisha simama mbele yake,
safi kama sahani ya mgeni,
imefika bila hodi.
"Mwizi," alisema kwa Kitonga,
na msichana mwenye sare ya shule, aliyeelewa, akacheka.

Akaweka kiganja ubavuni pake
kama tabibu atafutaye mapigo.
Bati baridi.
Labda chini, chini kabisa,
uzi mwembamba wa sauti,
nyuki mmoja ndani ya chupa.
Milango ikalia. Akaingia.

Kioo kilikuwa kipya, hakijajifunza masizi.
Uzio wa Bwana Prasad ukapita. Trampolini iliyopasuka. Mlimau.
Kisha ua ambao hakuutambua:
mwanamke mnene, vibanio vya nguo mdomoni,
anaanika shuka
nyeupe, nyeupe, nyeupe,
upande wa reli, mchana kweupe,
wala hageuki kutazama
kinachompitia mgongoni.
Treni ilikuwa imeacha nyumba tatu nyuma
ndipo Maikolo alipojua
kwamba ua ule ni wake na yule ni mkewe.

Hakusimulia.
Usiku walilala ndani ya shuka hizo, zikinukia jua,
akageuka huku, akageuka kule,
akitafuta puani harufu aliyoichukia
tangu ujana wake.

Alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo ilipita
bila kugusa kitu.
Seluvaia, kalala ubavu, akasikia jikoni
mtu akigonga kikombe kwa kijiko,
polepole,
kisha kingine,
kisha rafu nzima.

"Namba ngapi huyo?" akauliza kutoka kitandani.

Kimya kidogo. Kijiko kikatua.

"Kumi na Saba," akajibu mumewe.
"Lakini leo anapumua vizuri."