Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mausi ilikufa Jumanne, mvua ya mawe ikipiga mabati.
Niliigonga mezani kama redio ya betri zilizochoka,
nikaipulizia tumboni, nikaifuta kwa leso.
Mshale mweupe ukabaki palepale kwenye kioo
kama mbuzi aliyekataa kuvuka daraja.

Na kesho ni malipo.
Wanachama mia sita na tisa wa maziwa ya Chavakali,
kila mmoja na mstari wake,
kila mstari na siku thelathini na moja,
na karani mmoja, Kageha, vidole kumi tu.

Akaingia Elphas, kijana wa kuosha mapipa,
gambuti zikivuja maji sakafuni.
"Mama, shika Kontroli. Shika na Shifti.
Sasa gusa mshale wa chini."
Nikamwambia vidole hivi vilisomea mashine ya taipu,
enzi zile kosa lilikuwa kosa, ukalipaka chokaa
na bosi bado akaliona.
Akacheka. Nikagusa.

Loo!
Safu ikatandikwa samawati kwa pumzi moja,
kama mtu aliyekunjua mkeka hadi mlangoni.
Kontroli na Nafasi: safu yote, toka darini hadi chini.
Shifti na Nafasi: mstari mzima wa mtu mmoja,
mwezi wake wote umelala chali mbele yangu.
Kontroli na A: Sabatia, Mudete, Wodanga,
wote ndani, hata wenye madeni ya chumvi ya ng'ombe.
Nikakumbuka miaka saba ya kuburuta mausi
hadi kifundo kikavimba kama kiazi,
nikaona haya, peke yangu.

Kisha, kwenye safu ya tarehe tisa, samawati ikakwama.
Mia mbili na kumi na moja. Basi.
"Mbona?"
"Chini yake kuna tupu," akasema Elphas.
"Ikikuta tupu, husimama."

Mia mbili na kumi na mbili: Rispa Adagala, Keveye.
Tangu tarehe tisa, hakuna kitu.
Rispa wa kopo la buluu na kizibo cha jani la mgomba,
anayeinamia mizani hadi pua iguse sahani:
"Hiyo nukta, baada yake kuna nini?"

Bwana Mudenyo akachungulia mlangoni, funguo mkononi.
"Jaza sifuri twende. Benki inafunga saa tisa."

Nikajaza.
Nikaitazama ile sifuri, mdomo wazi, haisemi.
Sifuri ni mtu aliyekuja,
akasimama foleni, akapimwa,
sote tukaona chini ya ndoo.
Huyu hakuja.
Kontroli na Zedi.
Sifuri ikaondoka bila hata alama ya chokaa.

"Basi gusa tena," Elphas akanong'ona, "itaruka shimo.
Tena, itafika mwisho."
Nikagusa. Ikaruka.
Nikagusa. Mia sita na kumi,
maana mstari wa kwanza ni wa vichwa tu.
Orodha ikaenda benki saa nane na nusu.
Lakini kidole changu kilijua kimeruka nini.

Jioni, mapipa yameinamishwa yakauke,
nikapiga namba iliyo kando ya jina lake.
Ikaita hadi nikataka kukata.
Sauti ya mtoto: "Nyanya yuko zizini.
Ng'ombe amekauka, anangoja kuzaa."
Kisha mkwaruzo, simu ikibadilisha mikono.
"Kageha? Tarehe nane nilileta.
Mliandika na nukta yangu?"

Shifti na Nafasi.
Mwezi wake ukawaka kwenye kioo,
namba nane, halafu weupe hadi ukingoni.
"Tatu nukta saba," nikamsomea.

Akanyamaza kidogo, anapima.
"Sawa," akasema, na kukata.