Usiku wa Kuamkia Hesabu

Nilipewa mtaa wa nyuma ya bandari,
maghorofa manne, milango mia na sitini,
madodoso, kalamu mbili na agizo moja:
andika aliyelala humu usiku wa kuamkia leo,
aliyekuwa na pumzi saa sita kamili.
Si aliyezaliwa humu. Si atakayerudi.

Bahari Nyeusi ilikuwa imejifunika ukungu,
haikutaka kuulizwa kitu.

Ghorofa ya chini nilibisha mara tisa,
nikafunguliwa mitatu.
Kwenye milango mingine, karatasi za tanzia
zimebandikwa moja juu ya nyingine, picha na tarehe:
mwaka mmoja bila Rumen,
miaka mitatu bila Rumen,
miaka saba.
Kisha hakuna aliyebaki wa kubandika.

Fundi Fikret alizima cherehani,
akanitajia jina lake herufi kwa herufi,
macho kwenye ncha ya kalamu.
"Waliwahi kunihesabu kwa jina nisilolijua,
wakanivika Filip kama koti la maiti.
Leo andika taratibu."
Nikaandika. Akaniomba nimsomee.
Nikamsomea.
Akaomba tena.

Ng'ambo ya reli, mtaa waliouita Mahala,
ramani ya ofisi inaonyesha nyumba kumi na moja
na uwanja mtupu.
Uwanja huo mtupu ulinipikia kahawa.
Mtoto mmoja, Asen, alinifuata mlango hadi mlango
akinibebea mkoba, na jioni akauliza:
"Sasa sisi ni wengi, au hatupo?
Maana mwalimu anasema hili, baba anasema lile."
Sikuwa na kisanduku cha swali hilo.

Lesya wa Odesa ana binti wa wiki sita,
aliyezaliwa kwenye wodi yetu yenye vitanda vinne,
ambako wakunga sasa hufuma soksi wakisubiri kazi.
"Yeye mumwandike wa wapi?"
Nikamwambia: amelala hapa.
"Halali," akasema Lesya, akacheka,
kicheko changu cha kwanza siku ile.

Lifti ilikufa zamani. Ngazi sabini na mbili
hadi kwa Bibi Stoyanka.
Ndara jozi nne mlangoni, zimepanguswa vumbi.
"Andika wanne," alisema.
Za marehemu mumewe. Za Plamen, yuko Hamburg.
Za Ivelina, anachambua peasi kiwandani Zaragoza.
Wametawanyika kama shanga uzi ukikatika,
naye ameshika fundo.
"Bibi, sheria inataka waliolala."
"Basi mimi nimelala usingizi wa watu wanne.
Unadhani kwa nini naamka nimechoka?"

Nikaandika moja.
Aliitazama ile moja kwa muda mrefu,
imesimama peke yake kwenye kisanduku
kama abiria wa treni iliyofutwa.
Akanipa jamu ya makomamanga nipeleke nyumbani,
ingawa nyumbani kwangu nami ni moja.

Siku tatu baadaye nilirudi; alisahau kutia sahihi.
Tanzia ilikuwa mlangoni, gundi bado mbichi.
Nikampigia msimamizi, Bwana Tsankov.
"Saa sita ya usiku ule alikuwa hai?"
Alikuwa hai.
"Basi yumo. Usifute."

Yumo, kwa hiyo, miaka kumi mizima.
Watampangia mabasi yenye ngazi fupi kwa magoti yake.
Mgawo wa maji utamkumbuka.
Kwenye wastani wa umri wa mji
atauvuta mstari juu kidogo, kwa kidole kimoja.

Ndani nikasikia kabati likifunguliwa,
mwanamume akikohoa, mwanamke akiuliza
chumvi huwekwa wapi siku hizi.
Mlangoni zilibaki ndara jozi mbili.
Walikuwa wamelala humu, wote wawili,
usiku ambao serikali haiuulizi.

Nilishuka bila kubisha.
Sabini na mbili.
Nilizihesabu tena, nikapata sabini na tatu.