Bana, Hesabu Tano

Alinionyesha karatasi ya nyuso, moja inacheka, moja inalia,
akasema, Bibi, toka sifuri hadi kumi, goti liko ngapi?
Nikamuuliza, kumi ndiyo ipi?
Maana kumi yangu mimi ni usiku mmoja kule Handali,
mtoto amekaa vibaya tumboni,
mkunga yuko ng'ambo ya korongo,
na korongo limejaa.
Basi goti liandike sita.
Asubuhi, kabla sijasalimiana nalo, saba na nusu.

Akacheka. Yeledi jina lake, kijana wa viungo,
mikono baridi kama jembe la alfajiri.
Alilikunja, akalikunjua, akainamisha sikio
kama mnunuzi anayegonga mtungi kutafuta ufa.
Ndani kulisaga: kr, kr,
uwele juu ya jiwe.
Hakusema ni uzee.
Hilo nimeambiwa bure na watu wengi,
wengine hata hawakuniuliza goti lenyewe ni lipi.

Nilikuwa nimeshapita kote.
Chale saba za Mzee Chilewa, na unga wake mweusi.
Mafuta ya simba kutoka mnadani Msalato;
binti yangu alinusa akasema, mama,
huyu simba ni mafuta ya mgando.
Vidonge vya njano vya dukani, viwili viwili, tumbo tupu,
mpaka tumbo nalo likadai liandikwe namba yake.
Yeledi alivimwaga mezani akavitenga kama mchele na chuya.
Akabakiza vya aina moja.
Baada ya ugali, bibi. Siyo badala ya ugali.

Fimbo nilishika kulia, upande wa goti bovu,
kama mtu yeyote mwenye akili.
Akaihamishia kushoto.
Nikabisha. Nikatembea.
Nikanyamaza.

Kisha akakunja blanketi, akaliweka katikati ya magoti.
Bana, bibi. Hesabu tano. Achia.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri.
Mwanangu, unajua unamwambia nani abane?
Magoti haya yalibana ngoma ya muheme kabla sijavunja ungo.
Tulisimama tisa, shanga shingoni,
kila mmoja na ngoma yake mapajani,
tukiibana, tukiinyanyua, ikirudi palepale,
vumbi la Julai limetufika kifuani,
na hakuna aliyetuhesabia.

Akatulia. Akasema, basi asubuhi ulipashe kwanza,
chupa ya maji moto, kitambaa juu yake.
Nikasema, na hilo usinifundishe.
Ngozi huota moto wa majani makavu ndipo ipigwe.
Ngoma baridi hulia kama kikapu.
Akaliandika hilo kwenye daftari lake. Sijui la nini.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile.
Kigoda nimewaachia kuku.
Nakaa kiti kirefu, nainuka mara kumi mikono kifuani,
mlenda ukichemka.
Bega, ambalo miaka kumi na minane lilipogoa zabibu za watu,
nalipandisha ukutani kwa vidole, polepole, kama mjusi;
udongo wa ukuta una alama zangu,
ya juu kabisa ni ya jana.

Maumivu hayajahama.
Ila yamejifunza kukaa kama mkwe,
mbali kidogo, kwa adabu,
na usiku mwingine yanajisahau yanaingia mpaka jikoni.

Ngoma yenyewe ipo darini. Panya wamekula ukingo.
Sijaomba ishushwe.

Jioni nabana khanga mbili zilizoviringishwa,
na Chedego, mjukuu, ndiye mhesabu wangu.
Ana miaka minne.
Moja, anasema, mbili, tatu, tano!
Nne huiruka kila siku.
Siku mbaya simsahihishi.
Leo nimembana kwa jicho, nikambana na goti,
nikamwambia, rudi.
Umeacha moja njiani.